Niliishia darasa la saba. Je, binti yangu naye ataishia hapo?

Swali: Mtaalamu, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro na nauza mboga sokoni. Niliishia darasa la saba, baba yao hakulifikia. Binti yangu yuko darasa la tatu katika shule ya serikali, na darasani kwao wako zaidi ya tisini. Mtoto wa jirani yangu, ambaye mama yake ni nesi, yuko darasa hilohilo na anasoma vizuri. Wangu anababaika. Nilipomuuliza mwalimu alinijibu, "Mama, watoto hufuata kwao." Kikoba chetu kiko tayari kunikopesha nimhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza, au nimlipie tuisheni ya jioni. Wengine wananishauri bweni. Je, ni kweli elimu ya mzazi ndiyo inayoamua? Na je, nikope?

Jibu: Mama, nianze na mkopo, kwa sababu marejesho hayana huruma: usikope bado. Kuna jambo moja unalopaswa kulijua kwa hakika kabla shilingi yoyote haijatoka, na unaweza kulijua jioni moja ukiwa hapohapo nyumbani. Nitakueleza namna. Ila kwanza niyajibu maneno ya mwalimu, maana naona ndiyo yaliyokuumiza. Yana kipande cha ukweli, kikachukuliwa kikafanywa ukweli mzima.

Kipande chenyewe kina historia. Mwaka 1966 nchini Marekani, mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyoagizwa na serikali kutokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Walipima wanafunzi zaidi ya 600,000 katika shule zipatazo 4,000. Wengi walitarajia ripoti iseme kwamba watoto weusi na watoto wa maskini wanabaki nyuma kwa kuwa shule zao hazina maabara, vitabu na majengo mazuri. Ripoti ikasema tofauti za vifaa zinaeleza sehemu ndogo tu, na kwamba nyumba anayotoka mtoto ina uzito mkubwa zaidi. Tangu hapo ile kauli ya "hufuata kwao" imekuwa ikitembea kama jambo lililothibitishwa na sayansi.

Ilipopimwa Afrika Mashariki, mambo yalikuwa tofauti. Katika miaka ya 1970 mtafiti Stephen Heyneman alichunguza shule za msingi za Uganda, akakuta kwamba hali ya wazazi inaeleza kidogo sana alama za watoto. Mwaka 1983 yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 wakaona mwelekeo uleule: kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo shule na mwalimu walivyopata uzito kuliko nyumba. Sababu yake inaeleweka. Mtoto ambaye kwao hakuna kitabu hata kimoja, karibu kila kitu anachokijua kuhusu kusoma amekipata kwa mwalimu. Mwalimu akiwa mzuri anaonekana kwa mtoto huyo kuliko kwa yeyote.

Sitakuficha upande wa pili. Waliorudia hesabu hizo kwa takwimu za miaka ya 1990 waliona tofauti hiyo kati ya nchi tajiri na maskini imefifia sana. Shule zilikuwa zimeenea, na watoto wa kila aina wakawa wameketi darasa moja. Kwetu Tanzania na Kenya tumeliona hilo kwa macho yetu. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha elimu bila ada ikapanuliwa hadi sekondari mwaka 2016. Mlango ulifunguka, na hilo ni jambo kubwa ambalo siruhusu mtu alibeze mbele yangu. Lakini Uwezo, ule upimaji wa wananchi unaokwenda nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania, ulipoanza kutoa matokeo yake baada ya 2009, ulikuta takribani watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaweza kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Na watoto wa kaya maskini walikuwa nyuma ya wenzao. Kwa hiyo binti yako si kioja, wala hayuko peke yake. Yuko pamoja na walio wengi.

Sasa tuulize: hicho kinachoitwa "kwao" ni nini hasa? Hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini. Cheti cha nesi hakimfundishi mtoto wake kusoma. Kinachomfundisha ni mambo yanayofuatana na cheti hicho. Mama yule akishika daftari anajua kama kazi iliyosahihishwa ni ya kuelewa au ya kunakili ubaoni. Akiitwa kikao cha wazazi anauliza bila kuogopa. Mtoto wake hakosi shule siku ya gulio kwa sababu ya kumlea mdogo wake. Asubuhi amekula. Ana dada au mjomba wa kumweleza neno gumu. Kila moja kati ya haya linatenganishika na cheti, na mengine unaweza kuyafanya wewe kuanzia kesho.

Nasema hivi nikiwa na ushahidi. Kijijini magharibi mwa Kenya, watafiti waliwapa wazazi vitabu vya hadithi vya watoto, vikiwemo vya Kijaluo, na wakawafundisha namna ya kukaa na mtoto na kitabu: kumwonyesha picha, kumuuliza "huyu anafanya nini?", kumwacha ajibu, kisha kurefusha jibu lake. Watoto walijua maneno mengi zaidi ya vitabu hivyo, na watoto ambao walezi wao hawajui kusoma walinufaika vizuri, angalau sawa na wenzao. Mlezi hakusoma neno hata moja. Alizungumza na mtoto kuhusu kitabu. Wewe umemaliza la saba na unasoma, mama, kwa hiyo uko mbele ya wengi waliofanikiwa.

Nchini Malawi, mtafiti Rebecca Dizon-Ross aliwauliza wazazi watoto wao wanafanyaje shuleni, akalinganisha na alama halisi. Wazazi wengi walikuwa mbali na ukweli, na walio maskini walikosea zaidi. Walipopewa matokeo kwa namna inayoeleweka, walibadilisha walichokuwa wakikitumia kwa kila mtoto. Mzazi maskini hakukosa upendo wala nia, alikosa taarifa. Ripoti ya shule inayosema "ameshika nafasi ya 61 kati ya 93" haimwambii mama kama mtoto anasoma au hasomi.

Basi lile jambo la jioni moja ndilo hili. Tafuta kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, azima kwa jirani kama huna. Usitumie kitabu cha binti yako, huenda amekikariri. Kaeni mahali tulivu, baada ya kula, bila kaka yake kumcheka. Mpe hadithi fupi asome kwa sauti. Akiisoma kwa mtiririko, muulize maswali mawili kuhusu kilichotokea. Akikwama kwenye hadithi, mpe aya moja ya sentensi tatu au nne. Akikwama hapo, mwandikie maneno machache: kaka, meza, samaki. Akikwama hata hapo, silabi: ba, ke, mo, shu. Mahali anapokwama ndipo elimu yake ilipo leo, hata kama sare inasema darasa la tatu. Ndivyo Uwezo wanavyopima, na haihitaji utaalamu. Usimkaripie wala usimsahihishe. Sikiliza tu, kisha andika ulichosikia.

Jibu utakalolipata linaamua karibu kila kitu kinachofuata, kwa sababu ya namna darasa letu linavyofundisha. Mwalimu mwenye watoto tisini anafuata muhtasari wa darasa la tatu. Anasema, darasa linaitikia. Anaandika ubaoni, wanakopi. Mtoto aliyeachwa kwenye silabi anaitikia pamoja na wenzake na kunakili vizuri tu, kwa hiyo hakuna anayegundua kwamba hasomi. Mwaka unaisha, anapanda la nne akiwa na silabi zake zilezile. Mtoto wa nesi akipitwa na kitu, kinazibwa nyumbani. Wa kwako akipitwa, hakuna pa kuzibia. Hapo ndipo nyumba na ufundishaji vinapokutana: ufundishaji unaomlenga mtoto wa mbele hugeuza pengo dogo la nyumbani kuwa pengo kubwa la maisha.

Mwanauchumi Michael Kremer na wenzake waliliona hili waziwazi huko Busia na Teso, Kenya. Shule ziligawiwa vitabu vya kiada, na kila mtu alitarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Waliopanda ni wale waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu, na viliandikwa kwa kasi ya mtoto wa mjini. Watoto wengi hawakuweza hata kuvisoma.

Halafu Kremer, pamoja na Esther Duflo na Pascaline Dupas, wakajaribu kubadilisha mpangilio wa darasa lenyewe. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, shule 121 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mikondo miwili. Katika karibu nusu ya shule watoto waligawanywa bila kuangalia alama. Katika zilizobaki waligawanywa kwa alama za mwanzo: wenye alama za juu mkondo mmoja, wa chini mwingine. Wengi wetu tungesema mkondo wa chini utakufa. Haikuwa hivyo. Baada ya miezi kumi na minane watoto wa mikondo yote miwili walikuwa mbele ya wale waliochanganywa, na mwaka mmoja baada ya mpango kuisha bado walikuwa mbele. Jambo ambalo nalirudia kila ninapokaa na walimu ni hili: watoto wa katikati kabisa, ambao alama moja tu iliwatupa juu au chini, walimaliza wakiwa sawa. Kuwekwa na wenzao wa kiwango cha chini hakukuwadhuru, kwa sababu mwalimu sasa aliweza kufundisha mahali walipo.

Katika utafiti huohuo kuna somo jingine ambalo wazazi hawalipendi. Katika shule zilizogawanya bila kuangalia alama, watoto waliobaki na mwalimu wao wa siku zote, darasa likiwa limepunguzwa kutoka themanini hivi hadi arobaini na kitu, hawakupata nafuu ya maana. Idadi ilipungua, ufundishaji haukubadilika. Nakuambia hivi ili usije ukalipia darasa dogo ukidhani udogo wake pekee ndio unaofundisha.

Hapa Tanzania tuna ushahidi unaofanana na huo. Mpango wa KiuFunza, ulioendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, ulizipa shule nyingine ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, nyingine bonasi ya mwalimu kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa kusoma na kuhesabu, na nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza alama. Vilipounganishwa, watoto walijifunza zaidi, na faida ilizidi jumla ya vitu hivyo viwili kila kimoja kivyake. Fedha ilifanya kazi pale ilipokutana na mwalimu aliyekuwa na sababu ya kumwangalia kila mtoto, akiwemo wa nyuma.

Kwa hiyo turudi kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Najua inavyovutia: sare, basi la shule, mtoto kurudi akisema "good morning". Najua pia hofu iliyo nyuma yake, nayo ni hofu ya haki kabisa, kwamba kidato cha kwanza kitakuja kwa Kiingereza na binti yako hatakuwa nacho. Ila fikiria anayejifunza kusoma. Anapotamka "samaki", anamjua samaki, amemla jana, kwa hiyo anajua kama amesoma sawa au amekosea. Anapotamka neno la Kiingereza asilolijua, sauti inatoka na maana haiji, na hana njia ya kujisahihisha. Kaskazini mwa Uganda, eneo la Lango, mradi uliowafundisha watoto kusoma kwanza kwa Leblango, lugha yao ya nyumbani, ukiwa na vitabu, mafunzo ya walimu na ufuatiliaji wa karibu, ulileta maendeleo makubwa ya kusoma. Toleo lake la gharama nafuu, lililopunguza usaidizi kwa walimu, lilileta kidogo sana, na katika uandishi likawarudisha watoto nyuma. Kwa hiyo lugha anayoielewa mtoto ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni mwalimu anayesaidiwa.

Ikiwa binti yako alisoma hadithi ile ya darasa la pili kwa mtiririko na kujibu maswali, anaweza kuhimili shule ya Kiingereza, na hapo swali linabaki la mfuko. Piga hesabu ya miaka yote hadi amalize shule ya msingi, siyo ya muhula mmoja, ukikumbuka kwamba una watoto watatu. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ada katikati ya mwaka, akitoka lugha moja kwenda nyingine, ni hasara ambayo nimeiona mara nyingi mno. Lakini ikiwa alikwama kwenye maneno au silabi, kumhamisha sasa ni kumwongezea mzigo wa pili kabla hajaushika wa kwanza. Msingi wa kusoma akiupata kwa Kiswahili, hautapotea siku atakapoanza Kiingereza. Ataenda nao.

Tuisheni inategemea inafundisha nini. Tuisheni nyingi za mtaani ni darasa lilelile kwa mara ya pili: watoto arobaini sebuleni, maswali ya mitihani iliyopita, kuitikia na kunakili. Kama binti yako yuko kwenye silabi, hiyo haitamfikia hata ukilipa mwaka mzima. Tuisheni ninayoweza kukuunga mkono kuilipia ni ile ambayo mwalimu, siku ya kwanza, anamsomesha mtoto kwa sauti akiwa peke yake, anamweka na wenzake wa kiwango chake bila kujali darasa, na baada ya wiki kadhaa anampima tena. Hii ndiyo njia iliyoanzishwa na shirika la Pratham kule India na sasa iko katika shule za serikali za Zambia: saa moja kwa siku watoto hawakai kwa madarasa, wanakaa kwa viwango, na kila anayepanda anahamishwa kundi. Haihitaji mashine wala jengo. Msichana wa kidato cha nne anayesubiri matokeo, mwenye subira, anaweza kuifanya na watoto watano wa mtaani kwenu kwa gharama ndogo sana kuliko mkopo unaoufikiria. Mwulize huyo jirani yako nesi kama naye yuko tayari kuchangia. Mtoto wake akikaa na wako akimsomea, wote wawili wanafaidika.

Na wewe mwenyewe usijitoe. Shule zilipofungwa kwa korona mwaka 2020, watafiti nchini Botswana walijaribu kuwafundisha watoto hesabu kupitia simu ya kawaida ya mzazi. Familia zilizopata ujumbe mfupi peke yake hazikufaidika sana. Zilizopigiwa simu kila wiki, dakika kama ishirini hivi, mtoto akitatua swali huku mzazi akisikiliza, watoto wao walisonga mbele. Dakika ishirini, spika ya simu, na mzazi aliyekaa kando. Kwako inaweza kuwa hivi: ukifunga meza yako sokoni, kabla ya kupika au wakati sufuria iko jikoni, binti akusomee ukurasa mmoja. Usijali kama hujui jibu la kila swali. Mwambie akueleze kwa maneno yake kilichosemwa. Hesabu mnayo tayari mikononi: kilo mbili za nyanya, noti ya elfu kumi, chenji ngapi? Mwache ahesabu yeye kisha mteja ndipo apewe. Lakini siku za shule asiletwe sokoni. Hilo naomba lisiwe na mjadala hata msimu wa mauzo mazuri, maana mtoto aliye nyuma akikosa siku mbili kwa wiki hakuna njia yoyote niliyoitaja itakayomfaa.

Bweni achana nalo. Mwaka 2023 serikali ilitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa umri huo anamhitaji mtu wa kumsikiliza akisoma, na mtu huyo ni wewe.

Baki mwalimu. Rudi kwake, na safari hii usiende kuuliza mtoto anaendeleaje. Nenda na ulichoandika: "Mwalimu, nimemsomesha nyumbani. Silabi anazijua, maneno ya silabi tatu yanamshinda. Naomba unisaidie nijue nianzie wapi, na kama kuna wenzake wa hali hiyo mnaoweza kukaa nao pamoja hata nusu saa." Mwalimu mwenye watoto tisini amechoka, na mara nyingi kauli kama ile aliyokupa hutoka kwenye uchovu kuliko kwenye dharau. Hata hivyo siikubali, kwa sababu inampa ruhusa ya kuacha kujaribu kwa watoto walewale wanaomtegemea yeye peke yake. Mzazi anayekuja na taarifa iliyo wazi humrudishia sababu ya kujaribu. Akikuambia hana nafasi, nenda kwa mwalimu mkuu, au lifikishe kwenye kamati ya shule mkiwa wazazi watatu au wanne, kwa heshima, mkiomba kitu kimoja tu: watoto wa la tatu wapimwe kusoma mmojammoja, na wasiosoma wapangiwe muda wao.

Baada ya miezi mitatu mpime tena kwa kitabu kingine. Akiwa amepanda hata ngazi moja, endelea hivyohivyo na fedha ya kikoba iweke kwenye chakula cha asubuhi na madaftari. Akiwa palepale licha ya juhudi zote, mpeleke kwanza hospitali wakampime macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao kutoka dawati la nyuma, au asiyesikia vizuri katika darasa la watu tisini, hufanana kabisa na mtoto asiyejua, na hilo huwa halihitaji mkopo wa ada.